Mshumaa wa Pasaka: wa nta, wa mchanganyiko au wa bomba?

Usiku wa Mkesha wa Pasaka shemasi husimama gizani akaimba sifa za nta. Wimbo huo, Mbiu ya Pasaka, haufumbi maneno: moto ule hulishwa na nta inayoyeyuka, nta aliyoitoa nyuki mama, na hata ukigawiwa watu wengi mwanga wake haupungui. Sasa tazama kitu alichosimama kando yake. Kikiwa bomba la plastiki lililopakwa rangi ya maziwa, na kikopo cha mafuta kimefichwa kichwani, basi shemasi wa watu anasifu kisichokuwepo, na waumini wa viti vya mbele wanalijua hilo.

Tathmini hii ni ya mishumaa ya Pasaka inayouzwa na maduka ya vifaa vya ibada, kwa aina zake na si kwa majina ya watengenezaji. Kipimo ni mahali patatu ambapo mshumaa huu una kazi: mkesha, kisima cha ubatizo, na kando ya jeneza. Unaofaulu mahali pamoja ukashindwa pawili ni pambo tu, hata ukiwa na nakshi za dhahabu.

Ukali wa nini kwa kitu cha nta? Mshumaa huu umepewa kazi ya shahidi. Mitume walipotafuta mtu wa kushika nafasi ya Yuda, Petro alitaka mmoja wa wale waliofuatana nao tangu ubatizo wa Yohane, apate kuwa shahidi wa kufufuka kwake Yesu pamoja nao. Hakuuliza msemaji hodari wala mratibu wa michango. Na Paulo, akiwaandikia Wakorintho katika miaka ya 50, aliwataja mashahidi mmoja mmoja kama mtu aliyepeleka shauri barazani: Kefa, wale Thenashara, ndugu zaidi ya 500 kwa pamoja, Yakobo, mitume wote, na mwisho yeye mwenyewe. Kisha akatamka neno ambalo wahubiri wengi hulipita mbio: kama Kristo hakufufuka, sisi tumeonekana kuwa mashahidi wa uongo. Mahubiri ni bure, imani ni bure, na waliolala wamepotea. Ukiuondoa ufufuko, Paulo hakuachii hata dini ya tabia njema ya kujifariji nayo.

Kwa hiyo kitu kinachosimamishwa mbele ya watu kwa ajili ya Mfufuka kisianze kazi yake kwa udanganyifu. Mwongozo wa Roma wa mwaka 1988 kuhusu maadhimisho ya Pasaka unadai mambo matano kwa ufupi: mshumaa uwe wa nta, usiwe wa bandia, uwe mpya kila mwaka, uwe mmoja tu, na uwe mkubwa wa kutosha kuonyesha kwamba Kristo ni mwanga wa ulimwengu. Hiyo ndiyo karatasi ya mtihani. Anglikana na Walutheri wengi wanaoutumia mshumaa huu hawabanwi na mwongozo huo, lakini sababu zake zinawahusu vilevile. Waorthodoksi wana njia nyingine: taa huzimwa, padre hutoka patakatifu na moto mkononi karibu na usiku wa manane, akawaita watu waje wapokee mwanga. Na yapo makanisa yasiyowasha mshumaa wowote yakahubiri ufufuko uleule. Ni kweli, wanawake walikwenda kaburini na manukato, na hakuna anayetuambia kama walibeba taa. Lakini ukiamua kuwasha, washa kitu cha kweli.

Aina zilizopo

Nta ya nyuki tupu ndiyo kipimo cha nyingine zote. Huyeyuka kwenye nyuzi joto 62 hadi 64, juu kuliko parafini nyingi za mishumaa, kwa hiyo mshumaa mrefu husimama wima hata kanisa likijaa na joto likapanda. Rangi yake huanzia manjano iliyoiva hadi pembe ya ndovu, kutegemea kama imepaushwa. Harufu yake ni ya asali hafifu, na hiyo peke yake si ushahidi, kwa kuwa harufu huongezwa kiwandani. Jaribio bora ni tone lililopoa: livunje. La nta ya nyuki huvunjika kwa chengachenga, uso wake mkavu usiong'aa, na ukilifinyanga kwenye vidole linalainika na kushikana. La parafini huacha utelezi wa mafuta na hukatika vipandevipande. Dalili nyingine hutokea stoo: baada ya wiki kadhaa za baridi, nta ya nyuki hutoa ukungu mweupe juu. Wapo wanaourudisha mshumaa dukani wakidhani umeota kuvu. Futa kwa kitambaa laini na kikavu, kazi imekwisha. Ukungu ule ni sifa, wala si kasoro.

Udhaifu wake upo pia. Nta ya nyuki iliyoyeyuka ni nzito, haipandi haraka, hivyo inahitaji utambi mnene wa pamba uliosukwa mraba. Mtengenezaji akitia utambi wa kiasi cha parafini, moto hudhoofika, hujizamisha na kufa katikati ya Mbiu. Kabla ya kununua uliza utambi, usiulize nakshi. Alama: 9 kwa 10, na ile moja imepotea kwa sababu ya wauzaji wanaoandika "nta ya nyuki" bila kusema asilimia ngapi.

Mchanganyiko ndio unaouzwa zaidi, na mara nyingi lebo husema asilimia 51. Tarakimu hiyo ina historia: mwaka 1904 Roma ilielekeza kwamba mshumaa wa Pasaka uwe wa nta ya nyuki kwa sehemu iliyo kubwa, na watengenezaji wakaona asilimia 51 inatosha kuitwa sehemu kubwa. Ujanja wa duka, lakini matokeo si mabaya. Huwaka vizuri, hutobolewa matundu ya punje za ubani bila kupasuka, na huchukua maandishi. Alama: 8.

Parafini tupu, au parafini na stearini (mafuta magumu ya kuikaza), ni nta kwa jina na kwa sura. Inayeyuka, inapungua, inawaka; hakuna anayedanganywa isipokuwa yule nyuki aliyetajwa kwenye Mbiu. Kinachosumbua ni vitu vitatu. Hupasuka inapotobolewa baridi, na utambi ukiwa mrefu hutoa moshi mweusi unaochafua dari. Mshumaa mrefu wa parafini laini, ulioegeshwa stoo yenye joto, hupinda kama upinde. Alama: 6. Nta ya soya ni laini zaidi; peke yake haifai kwa mshumaa wa kimo hiki, na ukiiona kwenye lebo ujue imechanganywa na kitu kingine kigumu.

Kisha bomba. Ni ganda la plastiki lenye umbo la mshumaa, na juu kuna kikopo cha parafini ya maji chenye utambi wa nyuzi. Aina nyingine ina springi ndani inayousukuma mshumaa mdogo juu kadiri unavyowaka. Matangazo yake yanasema kweli: hakudondoki kitu, kimo hakibadiliki, na unabadilisha tarakimu za mwaka tu. Hapo ndipo shida ilipo. Kimo kisichobadilika maana yake hakuna kilichotolewa. Mshumaa wa Pasaka humhubiri aliyejitoa mpaka mwisho, na hata mtoto asiyejua kusoma huiona habari hiyo ikipungua kidogo kidogo, Jumapili hadi Jumapili. Bomba linamhubiri mtu ambaye hakufa, na asiyekufa hana kaburi la kutokea. Waliofundisha kwamba Kristo alionekana tu kuwa na mwili, wala hakuteswa kweli, Kanisa liliwakataa katika karne zake za mwanzo kabisa. Si vizuri tuwarudishe kwa mlango wa stoo.

Bomba lina hitilafu za kiufundi pia, nazo zinafichwa. Kikopo kikiinamishwa kwenye maandamano, mafuta huvuja kwenye uzi wa kifuniko, yakashuka mikononi mwa shemasi. Likizamishwa kwenye maji ya ubatizo, maji huingia kwa chini na kubaki ndani. Huwezi kuliandika kwa kalamu ya chuma, wala kulichomeka punje za ubani, unabandika stika. Alama: 2, na hizo ni kwa sababu moto wenyewe ni moto. Taa ya betri yenye umbo la mshumaa haina alama yoyote.

Ukubwa, na hesabu yake

Makosa mengi ya ununuzi yako hapa. Watu huamini kwamba mshumaa lazima uwe mnene ili udumu mwaka mzima. Hebu tupige hesabu. Kutoka Pasaka hadi Pentekoste ni siku 50, zenye Jumapili 8. Kanisa lenye ibada 3 kila Jumapili, za saa moja na nusu kila moja, litauwasha kwa saa 36. Likiuwasha pia kwenye ibada ya dakika 40 kila siku ya kazi, siku 42, ni saa 28. Ongeza mkesha wa saa 3, na nyingine 3 za akiba: saa 70. Moto wa mshumaa wenye utambi mzuri hula takriban gramu 5 hadi 8 za nta kwa saa. Kwa hiyo kipindi chote cha Pasaka kinakula kati ya gramu 350 na 560. Nusu kilo tu, basi.

Mshumaa wa kipenyo cha sentimita 5 na urefu wa sentimita 60 una nta ya zaidi kidogo ya kilo 1.1. Kwa matumizi hayo utapungua kama sentimita 27, ukabaki na zaidi ya sentimita 30 za ubatizo na mazishi ya mwaka. Unatosha kabisa. Mshumaa wa sentimita 7.5 kwa 90 una kilo 3.8 na utapungua sentimita 12 hivi. Wa sentimita 10 kwa 120 unafika kilo 9, na hapo mpango mzima unaharibika: shemasi hawezi kuubeba wima gizani, kwenye ngazi, akiimba. Unawekwa kwenye kinara mapema, na maandamano yanafuata kitu kingine.

Unene una adhabu ya pili. Kanuni ya wapika mishumaa ni saa 1 ya kuwaka kwa kila sentimita 2.5 ya kipenyo ili uso wote uyeyuke hadi ukingoni. Mshumaa wa sentimita 7.5 unataka saa 3. Ukiuwasha dakika 40 kila siku, moto unachimba shimo katikati, kuta zinabaki zimesimama, na baada ya wiki tatu mwali unazama humo usionekane na mtu. Watu wanaona mshumaa mkubwa, mzuri, na mwanga hakuna. Kipenyo cha sentimita 5 hadi 6 kinakidhi kanisa la wastani. Penye jengo kubwa, ongeza urefu na kimo cha kinara, usiongeze unene.

Kuuandaa kabla ya usiku

Padre au shemasi huchora msalaba kwa kalamu ya chuma: kwanza mstari wa wima, kisha wa mlalo. Alfa juu, Omega chini, na tarakimu nne za mwaka katika pembe za msalaba: ya kwanza juu kushoto, ya pili juu kulia, ya tatu chini kushoto, ya nne chini kulia. Maneno yanayoambatana nayo humtaja Kristo jana na leo, mwanzo na mwisho, mwenye nyakati zote. Mwaka unaoandikwa ni mwaka huu, wenye madeni, wagonjwa na uchaguzi wake. Ufufuko unaohubiriwa bila tarakimu hubaki habari ya zamani sana, na ndiyo sababu mshumaa wa mwaka jana uliobandikwa namba mpya haukubaliki.

Mishumaa mingi huja na nakshi zote tayari, pamoja na mwaka. Hapo mchoraji hupitisha ncha juu ya mistari iliyopo. Inakubalika, ila mistari iwe ya kina cha milimita 2 au zaidi ili anachokifanya kionekane kama kazi. Nakshi zenyewe zisiuzidi msalaba. Kuna mishumaa iliyojaa upinde wa mvua, njiwa, ngano, zabibu na mawimbi mpaka msalaba unatafutwa. Mwanakondoo mwenye bendera ni nyongeza ya haki: amesimama, na ana jeraha.

Punje tano za ubani huingia kwenye msalaba kwa mpangilio huu: 1 juu, 2 katikati, 3 chini, 4 kushoto, 5 kulia. Maneno yake yanataja madonda matakatifu na matukufu. Madonda, tena matukufu: aliyefufuka hakuja bila alama za misumari, na Tomaso alionyeshwa mikono na ubavu. Sehemu hii ikifanywa kwa haraka, watu wanabaki na Kristo aliyeruka msalaba. Kwa vitendo, punje huuzwa zikiwa ndani ya misumari ya nta nyekundu au ya dhahabu. Kasoro kuu tatu: matundu hayajatobolewa, yametobolewa madogo, au misumari imelegea. Jaribu yote mchana wa Jumamosi Kuu. Tundu likiwa dogo, lipanue kwa msumari wa chuma uliopashwa moto. Ukilazimisha msumari wa nta ukiwa baridi, mshumaa wa parafini utapasuka kutoka tunduni hadi ukingoni. Ukilegea, dondoshea tone la nta tunduni kisha uusukume. Hakikisha pia kwamba ndani ya msumari mna ubani kweli. Mingine ni mitupu, na hiyo ni aibu ya dukani inayoingia altareni.

Utambi mpya ni mgumu kushika moto, hasa kwenye upepo. Wengine huuwasha dakika mbili mchana, wakauzima, ili uwe na ncha iliyoungua. Wengine husema moto wa kwanza uwe ule mpya tu, unaowashwa nje ya kanisa usiku huo. Njia ya kati ni kupasha ncha ya utambi kwa pumzi ya kifaa cha kukaushia nywele mpaka nta iliyozidi idondoke, bila kuuwasha. Inafanya kazi vizuri, na hakuna wa kulalamika.

Usiku wenyewe

Kuanza ni baada ya giza kuingia. Kwa karne nyingi mkesha ulisogezwa mpaka ukafanyika Jumamosi asubuhi, jua likiwaka, mshumaa ukiimbiwa mwanga wake mchana kweupe. Papa Pius XII aliurudisha usiku kwa majaribio mwaka 1951, kisha kwa agizo la 1955 lililoanza kutumika mwaka uliofuata. Anayepanga mkesha saa 11 na nusu jioni ili watu wawahi usafiri anaurudisha ule wa asubuhi kwa jina jingine. Bora afupishe matangazo.

Moto wa nje uwe moto, si makaa ya chetezo kwenye sahani. Usichukue mwali kwa kuuinamisha mshumaa wenyewe motoni: nta ya ubavuni itayeyuka na nakshi zitaondoka. Tumia mshumaa mwembamba au kijiti kirefu, kisha uwashe utambi kutoka juu. Pepo zikiwa kali, kioo cha kukinga upepo kinakubalika mpaka mlangoni. Wapo wanaobeba kiberiti mfukoni "kwa dharura", na kwenye dharura wanakitumia, moto mpya ukiwa umebaki nyuma unawaka bila kazi. Beba badala yake taa ndogo yenye kioo iliyowashwa kutoka moto ule ule.

Maandamano yana vituo vitatu: mlangoni, katikati ya kanisa, na mbele ya altare. Kila kituo huimbwa "Mwanga wa Kristo", na watu hujibu. Katika kituo cha pili watu huwasha mishumaa yao kutoka mshumaa huu. Baada ya cha tatu mshumaa huwekwa kwenye kinara karibu na mimbari, na taa za kanisa huwashwa. Mishumaa ya altare husubiri mpaka wimbo wa Utukufu. Kosa linalojirudia kila mwaka ni fundi wa umeme anayewasha taa zote mlangoni kwa huruma ya wazee. Mwagize kwa maandishi. Kosa la pili ni kuwasha mishumaa ya watu kutoka kwa viberiti vyao, ambapo ule mstari wa moto unaogawiwa bila kupungua unapotea. Ndio ushuhuda mzima kwa mfano mmoja: mtu hupokea kutoka kwa aliyepokea, na nyuma kabisa ya mnyororo kuna mmoja aliyeuona. Kwa usalama, mshumaa usiowaka ndio unaoinamishwa, ule unaowaka ubaki wima. Hapo nta haidondoki kwenye nguo.

Kinara kiwe na kikombe cha kina cha sentimita 5 angalau, kipana kuliko mshumaa kwa milimita 2 au 3. Nafasi inayobaki ijazwe kwa vipande vya nta iliyolainishwa. Karatasi na kitambaa vimezoeleka sana kwa kazi hii, navyo hushika moto mshumaa ukifika chini. Maua yanayozunguka kinara yawe mabichi na yakae nusu mita chini ya mwali. Mashada makavu ni kuni.

Kwenye kubariki maji, mshumaa hushushwa kisimani mara moja au mara tatu, sala ikiomba kwamba waliozikwa pamoja na Kristo katika ubatizo wafufuke pamoja naye. Hapa mshumaa wa nta unashinda bila kupingwa. Unaingia kaburini ukiwa unawaka, unatoka ukiwa unawaka. Hakuna hotuba kuhusu Warumi 6 inayolifikia tendo hilo. Lakini ziba tako la mshumaa mapema kwa nta iliyoyeyushwa, kwa sababu tundu la utambi upande wa chini hunyonya maji, nayo yatauchachafya moto mwishoni mwa mwaka. Ufute vizuri kabla ya kuurudisha kinarani, la sivyo kikombe cha chuma kitapata kutu na mshumaa utanata. Wabatizwa huwashiwa mishumaa yao kutoka huu huu.

Siku 50 na baadaye

Kila ibada, kabla ya kuwasha, punguza utambi ubaki milimita 6. Baada ya kuzima, nta ya ukingoni ikiwa bado laini, isukume kwa vidole kuelekea katikati. Hii huzuia kuta kusimama. Kuta zikishapanda, zikate kwa kisu zikiwa vuguvugu. Kofia ya shaba inayokaa juu ya mshumaa husaidia joto kusambaa na huzuia machozi ya nta, ila iwe ya kipenyo sahihi; ikilegea hukaa upande na kuumba mfereji. Zima kwa kofia ya kuzimia, usipulize: pumzi hurusha nta altareni.

Zamani mshumaa ulizimwa siku ya Kupaa baada ya Injili. Utaratibu wa sasa unauacha mpaka Pentekoste, kisha unahamia mahali pa ubatizo. Kuuacha karibu na altare mwaka mzima ni desturi ya wengi na ni kosa. Unageuka samani. Mwezi wa tano baada ya Pasaka hakuna anayeuona tena, na siku unapohitajika hausemi jipya.

Siku hiyo ni ya mazishi. Mshumaa huletwa kando ya jeneza kuonyesha kwamba kifo cha Mkristo ni Pasaka yake mwenyewe. Athene walimsikiliza Paulo kwa adabu mpaka alipotaja ufufuko wa wafu. Hapo wengine wakamdhihaki. Msibani hakuna anayedhihaki, lakini ni pale neno hilo linapopimwa, na wasemaji wengi hukimbilia wasifu wa marehemu. Mshumaa hauna wasifu. Ndio uleule uliowaka alipobatizwa mtoto wa jirani yake mwaka huo, na umepungua. Uweke upande wa kichwa, mbali na feni, kwenye kinara kile kile cha mkesha na si kijikinara cha mezani. Ukiwa umebaki mfupi, usiuinue kwa kopo wala tofali chini yake. Acha uonekane ulivyo. Kinachohitajika ni uwake tangu mwili unapopokelewa mpaka unapotoka, saa 2 pengine, na kwa kipenyo cha sentimita 5 huo ni muda wa kuyeyusha uso wote bila kuchimba shimo.

Mwaka ukiisha, kipande kilichobaki kisitupwe jalalani wala kisiuzwe kama pambo. Kiyeyushe ndani ya chombo kilichokaa kwenye maji yanayochemka, kamwe si juu ya moto wenyewe, kwa kuwa nta iliyopata joto kupita kiasi hutoa mvuke unaoshika moto. Chuja kwa kitambaa cha pamba. Nta hiyo ya nyuki inafaa kuzibia tako la mshumaa mpya na kukazia kinara. Punje tano za ubani zitabaki kwenye kitambaa; zioshe kwa maji ya moto, zikaushe, uziweke kwenye makaa ya chetezo.